Cheti Hakijatoka, Pesa Zimeshatoka: Ushauri kwa Aliyewekeza Katika Kampuni Changa ya Ndege

Kampuni mpya ya ndege hupendwa haraka na watu wa Migori na Homa Bay. Aliyekesha ndani ya basi kutoka Nairobi hadi Migori, au aliyetua Kisumu kisha akakaa barabarani karibu saa mbili nyingine ndipo afike Homa Bay mjini, hahitaji kuelezwa faida ya ndege. Viwanja tunavyo: Kabunde kwa watu wa Homa Bay, Lichota kwa watu wa Migori. Kwa hiyo akija mtu mwenye mpango uliopangwa vizuri, marubani wawili wa kumsindikiza na picha ya ndege yenye nembo mpya ubavuni, mikono huingia mifukoni upesi. Baadaye ndipo wenye hisa wanapogundua kwamba kati ya kupata ndege na kuuza tikiti ya kwanza kuna kipindi kirefu cha kungoja cheti, na kwamba katika kipindi hicho kampuni haiingizi hata shilingi moja huku ikitumia pesa kila siku.

Makala haya yanamlenga mtu aliye katika kipindi hicho, au anayekaribia kuingia: mwalimu aliyechukua mkopo wa Sacco, mfanyabiashara wa omena wa Mbita, mnunuzi wa dhahabu kule Macalder, chama cha akina mama cha Rongo, kijana anayetuma pesa kutoka Doha. Nitatetea jambo moja tu. Subira ya mwekezaji ina maana pale anapojua anangoja hatua gani, hatua hiyo itathibitishwa na karatasi ipi, na pesa zilizobaki zitaifikisha kampuni wapi. Akiyajua hayo, subira huvuta heri. Asipoyajua, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Unangoja nini hasa?

Nchini Kenya kampuni ya ndege inahitaji ruhusa mbili tofauti, zote kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Ya kwanza ni leseni ya huduma za anga. Hii ni ruhusa ya kibiashara: nani anamiliki kampuni, ana mtaji gani, anataka kubeba abiria au mizigo, katika njia zipi. Ombi lake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sheria pia inataka angalau asilimia 51 ya umiliki iwe mikononi mwa Wakenya. Ya pili ni cheti cha mwendeshaji wa ndege. Hiki kinahusu usalama, na ndicho kinachochukua muda na pesa nyingi.

Makosa mengi huanzia hapa. Kampuni ikipata leseni, hualika watu, hukata keki na kutangaza kwamba imeidhinishwa. Wenye hisa hushangilia wakidhani safari zitaanza mwezi ujao. Anayeingiza matatu katika njia ya Homa Bay kwenda Kisumu anajua kwamba logbook, bima, ukaguzi na leseni ya NTSA ni mambo manne tofauti, na moja halichukui nafasi ya jingine. Leseni ya huduma za anga bila cheti cha mwendeshaji haimruhusu mtu kubeba hata abiria mmoja wa kulipa.

Njia ya kukipata cheti hicho inafuata utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na ina hatua tano. Kwanza, mazungumzo ya awali: kampuni inaeleza nia yake na wakaguzi wanaangalia kama inajua inachokiomba. Pili, ombi rasmi, pamoja na ratiba ya kazi yote na majina ya wakuu wanaohitajika: mkuu anayewajibika kwa kampuni nzima, wa uendeshaji wa safari, wa matengenezo, wa usalama na wa ubora. Tatu, kusomwa kwa vitabu vya miongozo: jinsi ndege itakavyoendeshwa, itakavyotengenezwa, marubani watakavyofunzwa, hatari zitakavyodhibitiwa. Nne, ukaguzi na maonyesho: wakaguzi wanafika kwenye ofisi na karakana, wanatazama mazoezi ya kuokoa abiria wakati wa dharura, wanapanda safari za majaribio. Tano, cheti kinatolewa pamoja na maelezo ya ndege na aina ya safari zinazoruhusiwa.

Desturi ya kimataifa humtaka mwombaji apeleke ombi rasmi angalau siku 90 kabla ya tarehe anayotaka kuanza safari. Wakurugenzi wengi huzitaja siku hizo mbele ya wenye hisa kana kwamba ni ahadi ya serikali. Zinamfunga mwombaji asichelewe kuomba. Hazimfungi mkaguzi kumaliza. Kitabu kikirudishwa na dosari arobaini, saa inasimama hadi kampuni izirekebishe.

Hata serikali hungoja

Uganda Airlines iliyofufuliwa ni mfano mzuri wa kupima muda, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hazina ya taifa. Ndege zake mbili za kwanza, CRJ900 kutoka Bombardier, zilitua Entebbe tarehe 23 Aprili 2019 na kupokewa kwa shangwe. Hazikuanza kubeba abiria wa kulipa siku hiyo. Kampuni ilipita katika ukaguzi na safari za majaribio, ikapata cheti Julai, na safari za biashara zikaanza tarehe 28 Agosti. Miezi minne ndege zipo, marubani wapo, tikiti hakuna.

Funzo la pili la Uganda ni zito zaidi. Ndege yao kubwa ya kwanza aina ya Airbus A330-800 ilifika Desemba 2020, na ya pili Februari 2021. Kampuni tayari ilikuwa na cheti, lakini aina mpya ya ndege ilibidi iongezwe ndani yake kwa ukaguzi mpya. Safari za Dubai zilianza Oktoba 2021. London waliyoiota tangu mwanzo waliifikia Mei 2025. Kwa hiyo mkurugenzi akikwambia kwamba wameamua kubadilisha aina ya ndege kwa sababu wamepata nyingine ya bei nafuu, usifurahie bei kabla ya kuuliza: uamuzi huu unaturudisha hatua gani? Miongozo, mafunzo ya marubani na mkataba wa matengenezo vyote huandikwa kwa aina maalumu ya ndege.

Hazina ya serikali inaweza kustahimili miezi kumi ya ndege zilizoegeshwa. Chama cha watu thelathini hakiwezi. Ndege ya kukodi hulipiwa kila mwezi iwe inaruka au imekaa. Bima inalipwa, karakana katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, inalipwa, mishahara inalipwa. Rubani asipopaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 hawezi kubeba abiria hadi ajirudishe katika hali hiyo, na kujirudisha ni mafuta na muda wa mkufunzi. Kungoja, katika biashara hii, ni gharama kama gharama nyingine.

Subira iliyogeuka mtego

Mfano ulio kinyume na wa Uganda ni kampuni moja ya Marekani. Baltia Air Lines ilisajiliwa New York mwaka 1989 kwa ndoto ya kuruka hadi Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg. Ilipata ndege aina ya Boeing 747, ikaajiri watu, ikaandika miongozo, ikawaambia wenye hisa mwaka baada ya mwaka kwamba cheti kinakaribia. Ilipokosa pesa iliuza hisa nyingine, hadi hisa zikafikia mabilioni. Baadaye ilijiita USGlobal Airways. Zaidi ya robo karne ilipita, na haikuwahi kubeba abiria hata mmoja wa kulipa.

Wengi walioiamini walikuwa watu wa kawaida wenye akiba ndogo, na walikuwa na subira kuliko benki yoyote. Walichokosa ni kipimo. Kila tangazo jipya lilikuwa na habari njema: ndege imepakwa rangi, mkuu mpya ameajiriwa, mkutano na wakaguzi umekwenda vizuri. Hakuna tangazo kati ya hayo lililomwambia mwenye hisa kwamba hatua imefungwa na nyingine imefunguliwa. Na kila hisa mpya iliyouzwa ilipunguza sehemu ya aliyetangulia. Ukiwa na hisa 1,000 katika kampuni yenye hisa 100,000 una asilimia moja. Kampuni ikiongeza hisa 900,000 ili ilipe kodi ya ndege inayongoja, unabaki na moja ya kumi ya asilimia, ingawa hukuuza chochote.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Fastjet ilipoanza safari Tanzania tarehe 29 Novemba 2012, haikuanza na karatasi nyeupe. Iliingia kwa mgongo wa Fly540, kampuni iliyokuwa na cheti tayari. Kununua kampuni yenye cheti hupunguza kungoja, na si kosa. Lakini anayenunua cheti hununua pia madeni, kesi na sifa ya mwenye cheti, na wakuu wakiondoka baada ya mauzo, cheti chenyewe hutetereka. Fastjet Tanzania nayo ilisimama mwishoni mwa 2018. Ukipewa mpango wa namna hii, dai kuona hesabu za kampuni inayonunuliwa kabla hujaona picha za ndege.

Kuna ucheleweshaji wa namna mbili

Ucheleweshaji wa kawaida una karatasi. Miongozo imerudishwa na orodha ya dosari, kampuni inazirekebisha, mara ya pili orodha ni fupi kuliko ya kwanza. Mkaguzi ametaka safari ya majaribio irudiwe kwa sababu zoezi la dharura lilikwenda polepole. Haya yakukasirishe kidogo na yakutulize zaidi, kwa sababu yanaonyesha kazi inafanyika.

Ucheleweshaji wa kuogopa una maneno tu. Dalili zake ni hizi: mkuu wa matengenezo au wa uendeshaji amejiuzulu na nafasi yake haina mtu, mkataba wa kukodi ndege umeisha au mwenye ndege ameichukua, aina ya ndege imebadilishwa mara mbili, mishahara imechelewa, orodha ya dosari haionyeshwi kwa kisingizio cha siri. Dalili kubwa kuliko zote ni sentensi hii: “KCAA wanatufanyia figisu, lakini Mheshimiwa fulani atapiga simu.”

Ukisikia hivyo, shika mkoba wako. Februari 2017 Kenya ilipewa daraja la kwanza la usalama wa anga na mamlaka ya Marekani, na bila daraja hilo Kenya Airways isingeanza safari ya moja kwa moja kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018. Mkaguzi anayetoa cheti cha upendeleo kwa ndege ndogo ya kwenda Kabunde anaweka rehani sifa ya nchi nzima. Kampuni inayotegemea simu ya mkubwa imekiri kwamba haitegemei vitabu vyake. Na hata simu hiyo ikifanya kazi, atakayepanda ndege hiyo ni mama yako.

Jinsi ya kuweka pesa bila kufunga macho

Kwanza, chunguza kabla ya kutoa. Kupitia eCitizen unaweza kuomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Iombe kabla ya kulipa ujue nani ni nani, kisha iombe tena baada ya kulipa uhakikishe jina lako au la chama chako limo. Risiti ya M-Pesa na picha ya pamoja na mkurugenzi havikufanyi mwenye hisa. Kama hisa zinauzwa kwa umma, makanisani, sokoni au redioni, uliza waraka wa toleo la hisa ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Jibu likiwa “huo utakuja baadaye”, pesa zako nazo zije baadaye.

Pili, toa kwa awamu. Tuseme umeamua kuweka shilingi 500,000. Toa 100,000 leseni ikitangazwa gazetini na kutolewa, 150,000 ombi rasmi la cheti likikubaliwa, 150,000 miongozo ikipitishwa, na 100,000 cheti kikitoka. Mkurugenzi atalalamika, na atakuwa na haki kwa kiasi fulani: gharama kubwa huja kabla ya cheti. Mnaweza kukubaliana pesa za hatua inayofuata ziwekwe mapema katika akaunti ya wakili, zitolewe barua ya KCAA inapofika. Hivyo anajua pesa zipo, nawe unajua hazijaliwa.

Tatu, fikiria mkopo unaogeuka kuwa hisa cheti kikitoka, badala ya hisa tangu siku ya kwanza. Kampuni ikianguka, aliyeikopesha hulipwa kabla ya mwenye hisa. Lakini usijidanganye kuhusu kitakachokuwepo cha kugawana. Ndege ya kukodi ni mali ya aliyeikodisha. Miongozo iliyoandikwa kwa kampuni hiyo haiuziki sokoni. Kinachobaki mara nyingi ni meza na kompyuta.

Nne, na hili nalisema bila kulainisha: usiweke pesa za mkopo. Sacco itaendelea kukata mshahara wa mwalimu kila mwezi, iwe cheti kimetoka au hakijatoka, na ukishindwa wadhamini wako ndio watakaokatwa. Hati ya shamba la mzee isiende benki kwa ajili ya ndege isiyo na cheti. Subira ni ya mtu ambaye akipoteza pesa hizo zote, watoto wake watakula na kwenda shule.

Namna ya kuuliza bila kuvunja undugu

Kwetu aliyekuletea mpango mara nyingi ni shemeji, mwalimu wako wa zamani au kijana wa kijijini aliyefanikiwa. Kumuuliza hesabu kunaonekana kama kumwita mwizi. Njia ya kuepuka aibu hiyo ni kuondoa maswali mdomoni mwa mtu mmoja na kuyafanya utaratibu. Katibu wa chama aandike barua ileile kila mwezi, tarehe ileile. Inaweza kuwa hivi:

“Ndugu Mkurugenzi, salamu kutoka kwa wanachama. Tunashukuru kwa kazi mnayoifanya. Kwa ajili ya mkutano wetu wa mwezi, tunaomba mtujulishe: tuko hatua ya ngapi kati ya tano; barua ya mwisho kutoka KCAA ni ya tarehe gani na inasema nini; dosari ngapi bado ziko wazi; nafasi gani za wakuu hazina mtu; mkataba wa ndege unaisha lini; salio la benki ni kiasi gani na matumizi ya mwezi ni kiasi gani. Tunaomba nakala inapowezekana. Wako katika ushirikiano.”

Maswali mawili ya mwisho ndiyo moyo wa barua. Kampuni yenye milioni 48 benki na matumizi ya milioni 8 kwa mwezi ina miezi sita ya uhai. Kama iko hatua ya tatu na dosari ni nyingi, anza leo kuuliza mtaji wa ziada utatoka kwa nani na kwa bei gani ya hisa, maana ukingoja mwezi wa tano, bei itapangwa na mwenye pesa na si na ninyi. Mkurugenzi mzuri hujibu barua hii kwa ukurasa mmoja. Anayejibu kwa hotuba amekujibu pia.

Cheti kikitoka, safari ndiyo inaanza

Kosa la mwisho la mwenye subira ni kudhani kwamba cheti ndicho faida. Jetlink Express ilikuwa na cheti, ndege za jeti na abiria, na bado ilisimamisha safari Novemba 2012, ikisema zaidi ya dola milioni 2 zake zilikuwa zimekwama Sudan Kusini kwa uhaba wa fedha za kigeni. Kwa hiyo wakati unangoja, pima soko.

Soko la kwetu lipo, ila lina tabia zake. Ijumaa watu hushuka kwenda kwenye mazishi na Jumapili hurudi Nairobi. Jumanne ndege inaweza kuwa na viti vitupu. Homa Bay ilijaa wakati wa Madaraka Dei ya tarehe 1 Juni 2025 na tena Agosti ya mwaka huo huo wakati wa kongamano la ugatuzi, lakini wiki kama hizo hazilipi kodi ya ndege ya mwaka mzima. Migori ina abiria wa namna nyingine: Safarilink imewahi kuutumia uwanja wake kwa watalii wa Maasai Mara wanaovuka Isebania kwa gari kwenda kupanda ndege Tarime kuelekea Serengeti. Hao hulipa vizuri, na huja kwa msimu. Ukiongeza ushindani wa uwanja wa Kisumu na wa basi la usiku, utaona kwa nini bei ya tikiti iliyoandikwa kwenye mpango wa biashara inastahili kuulizwa mara mbili.

Tena kumbuka kwamba wakati kampuni yenu inangoja, aliye na cheti Wilson hangoji. Akiona njia ya Kabunde ina abiria, anaweza kuiingia haraka, kwa kuwa kazi yote ya miongozo na ukaguzi aliimaliza zamani. Kila mwezi wa kuchelewa hupunguza thamani ya njia mliyoiota. Hesabu za faida mlizoonyeshwa mwaka juzi zifanywe upya kwa soko la leo.

Kama pesa zako zimo tayari, fanya mambo matatu wiki hii. Chukua CR12. Tuma barua ya maswali saba. Kisha kaeni kama chama, na kabla jibu halijafika, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano masharti ya kuacha kuongeza pesa: kwa mfano, hatua ile ile miezi sita bila barua mpya ya KCAA, au salio lisilofikisha miezi mitatu ya matumizi, au mkuu wa usalama aliyeondoka bila mrithi. Wekeni sahihi. Masharti yakitimia, msiongeze shilingi hata kama mkurugenzi ni mtoto wenu na hata kama ndege inaonekana kwa macho pale Wilson. Mkishaandika hivyo mtaweza kungoja miezi mirefu bila kugombana, kwa kuwa kila mwanachama atajua kungoja huko kunaishia wapi.